Sukari ya Haraka

Chukua mfano wa mama anayeishi na kisukari. Mwezi uliopita alipimwa kliniki akakutwa na sukari ya 17. Safari hii mashine imeonyesha 8. Nesi anamwambia kwa furaha, "Hongera mama, sukari imeshuka." Usiku mmoja wa wiki hiyohiyo, mama anatokwa na kijasho chembamba, mikono inatetemeka, na akiulizwa swali anajibu jambo lisilohusiana. Mwanawe anampima: 2.9. Anampigia simu dada yake, "Njoo upesi, mama sukari imeshuka!"

Maneno ni yaleyale. La kwanza ni pongezi, la pili ni dharura.

Hali hii ya pili madaktari huiita haipoglisemia, neno lililoungwa kwa vipande vitatu vya Kigiriki vyenye maana ya chini, tamu na damu. Katika Kiswahili imepewa majina kadhaa: upungufu wa sukari katika damu, sukari ya chini, kushuka kwa sukari. Jina la kwanza ni sahihi, lakini ni refu mno kwa mtu anayetetemeka. La mwisho ndilo linalotembea mitaani, na ndilo lenye utata, kwa kuwa kushuka kwa sukari ndiko anakokuhangaikia mgonjwa kila siku. Wagonjwa wenyewe wamekwishaanza kuuondoa utata huo kwa neno moja dogo: "sukari imeshuka mno." Mno hiyo inastahili kuingia kwenye istilahi, na iingie pamoja na namba yake.

Namba yenyewe inajulikana. Kwa mtu anayetibiwa kisukari, sukari iliyo chini ya milimoli 3.9 kwa lita ni tahadhari, na hapo ndipo tiba inapoanza. Ikiwa chini ya 3.0, hatari ni kubwa na haingojewi hata kidogo. Ngazi ya tatu haipimwi kwa namba. Ni pale mgonjwa anaposhindwa kujisaidia na kumhitaji mtu mwingine, mashine isome inavyosoma. Wanaotumia mashine za miligramu wataona tarakimu kubwa zaidi, kwa sababu milimoli moja kwa lita ni sawa na miligramu 18 kwa desilita: 3.9 kwao ni 70, na 3.0 kwao ni 54.

Sababu ya haraka hiyo iko kichwani. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu moja ya tano ya nishati yote, na chakula chake kikuu ni glukosi iliyomo katika damu. Wenyewe hauna ghala la maana la kujiwekea akiba. Sukari ikianza kupungua, mwili hupiga mbiu kwa homoni ya adrenalini: moyo unaenda mbio, jasho linatoka, mikono inatetemeka, njaa inauma. Ikiendelea kupungua, ubongo wenyewe huanza kuyumba. Mtu anaona maruweruwe, ulimi unakuwa mzito, anakasirika bila sababu, anapepesuka. Hapo ndipo watu wengine humdhania mlevi, au mwenye kifafa, au aliyepandwa na jini, na dakika za kumsaidia zinapotea.

Si kila mwenye kisukari yuko katika hatari hii kwa kiwango kimoja. Anayetumia dawa ya metformin peke yake ni nadra kupatwa nayo. Walio hatarini zaidi ni wanaojidunga insulini na wanaomeza vidonge vinavyolilazimisha kongosho kutoa insulini, kama glibenclamide, dawa inayotumika sana katika kliniki za Afrika Mashariki. Mzee ambaye figo zake zimechoka anaweza kukaa na glibenclamide mwilini muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Sukari yake ikainuliwa asubuhi, jioni ikashuka tena. Kisha kuna mambo ya kawaida kabisa: sindano imechomwa lakini chakula kimechelewa, siku ya kulima imekuwa ndefu kuliko ilivyopangwa, mgonjwa anatapika na dawa anaendelea nayo, pombe imelizuia ini kutoa akiba yake ya glukosi. Malaria kali nayo hushusha sukari, na kwinini inayotibu malaria huchochea insulini na kuishusha zaidi.

Tena hali hii haichagui mwenye tabibu hodari. Mwezi Januari 2018, Sonia Sotomayor, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani ambaye ameishi na kisukari cha aina ya kwanza tangu akiwa na miaka 7, alihudumiwa nyumbani kwake Washington na wahudumu wa dharura baada ya sukari yake kushuka. Alipata nafuu, akaenda kazini siku hiyohiyo.

Tiba ya mtu aliye macho na anayeweza kumeza ina jina lake katika vitabu vya udaktari, na jina hilo likifasiriwa neno kwa neno linatoa "kabohaidreti zinazofanya kazi haraka." Kabohaidreti ni neno la darasani. Mwanafunzi wa biolojia wa Dodoma au Kisumu analijua. Bibi yake huenda asilijue. Wafasiri wengi hukimbilia wanga, na vipeperushi kadhaa husema "wanga wa haraka." Hapo tafsiri inaweza kumdhuru mtu. Wanga kwa Mswahili ni ugali, wali, muhogo, viazi, ndizi za kupika. Ukimwambia mtu ambaye sukari yake ni 2.9 atafute wanga, ataingia jikoni kusonga ugali.

Na ugali hautawahi. Wanga ni minyororo mirefu ya glukosi iliyoshikana, nayo lazima ikatwekatwe na vimeng'enya kabla ya kufyonzwa na utumbo mwembamba. Glukosi safi haina haja ya kukatwa. Ikifika utumboni inaingia katika damu. Sukari ya mezani imeundwa kwa sehemu mbili tu, glukosi na fruktosi, na kuzitenganisha ni kazi ya muda mfupi. Kwa hiyo kinachohitajika hasa ni sukari, tena iliyo rahisi kufyonzwa. Kuiita sukari ya haraka kunataja kitu chenyewe na kunataja sifa inayotakiwa. Aliyesoma na asiyesoma wote wataelekeza mkono kwenye kopo lilelile.

Mafuta nayo huchelewesha mambo, maana hulifanya tumbo lizuie chakula kwa muda mrefu kabla ya kukiachia kiende utumboni. Ndiyo maana chokoleti, keki, maandazi na maziwa yenye mafuta si sukari ya haraka, hata vikiwa vitamu kiasi gani. Utamu wa ulimini na kasi ya kufika katika damu ni mambo mawili. Nyama, mayai na karanga ndiyo kabisa havifai kwa kazi hii.

Kipimo chake kinajulikana kwa jina la kanuni ya 15: gramu 15 za sukari ya haraka, subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado iko chini ya 3.9, rudia. Sukari ikishapanda, na mlo ujao uko mbali, mgonjwa ale kitu cha kumshikilia, kama kipande cha mkate au ndizi. Hapa sasa wanga unapata nafasi yake halali.

Gramu 15 jikoni zinapatikana hivi. Kijiko cha chai kilichojazwa sukari kisha kikasawazishwa kwa mgongo wa kisu hubeba takriban gramu 4. Vijiko vinne kama hivyo katika nusu glasi ya maji vinatoa gramu 16. Maji yasiwe ya moto, kwa sababu mtu anayetetemeka atajiunguza au atasubiri yapoe. Korogeni mpaka chembe zote ziyeyuke, maana sukari iliyolala chini ya glasi haimsaidii mtu. Kijiko kikubwa kimoja cha asali hufanya kazi ileile, ila asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Mililita 150 za juisi ya matunda au za soda ya kawaida nazo zinakaribia kipimo hicho. Soda nyingi za kola huwa na gramu 10 hadi 11 za sukari kwa kila mililita 100, kwa hiyo nusu ya chupa ya mililita 300 inatosha. Unga wa glukosi unaouzwa kwenye pakiti madukani ni mzuri kuliko vyote. Gramu zake zisomwe kwenye pakiti.

Kusoma pakiti ni jambo la lazima. Soda iliyoandikwa "zero" au "diet" haina sukari, na kumpa mgonjwa soda hiyo ni sawa na kumpa maji. Hata kinywaji kilichozoeleka kinaweza kubadilika. Nchini Uingereza, wagonjwa wengi walikuwa wakitegemea Lucozade, iliyokuwa na takriban gramu 17 za kabohaidreti kwa mililita 100. Mwaka 2017, kabla ya kodi ya vinywaji vyenye sukari kuanza, watengenezaji walipunguza kiasi hicho hadi karibu gramu 9. Aliyeendelea kunywa kipimo chake cha zamani akawa anapata nusu tu ya tiba, na ikabidi kliniki ziwatangazie watu kipimo kipya.

Kikwazo kikubwa zaidi kiko katika neno sukari lenyewe. Kwa Kiswahili cha kila siku, sukari ni kitu cha kwenye kopo, ni kile kinachopimwa katika damu, na ni ugonjwa wenyewe: "baba ana sukari." Familia imefundishwa kwa miaka kwamba mwenye sukari hagusi sukari. Chai yake inapikwa kando na soda anafichwa. Siku anapohitaji vijiko vinne kwa dharura, mkono wa mke au wa mtoto unasita, na wengine humpa mgonjwa kidonge chake wakidhani sukari imepanda. Kidonge hicho kinaizidisha hatari. Ikiwa dalili zipo na mashine haipo, apewe sukari ya haraka kwanza; sukari iliyopanda kidogo kwa saa moja itarekebishika, lakini ubongo uliokosa glukosi hausubiri.

Kuna pia wanaozidisha. Njaa ya sukari iliyoshuka ni kali mno, na mtu anaweza kumaliza chupa nzima, mkate na embe kabla dakika 15 hazijaisha, kisha akapima 18. Kusubiri ni sehemu ya tiba.

Elimu hii ina umri sawa na insulini. Huko Toronto, majira ya baridi ya mwaka 1921 kuingia 1922, mwanabiokemia James Collip alikuwa akiijaribu kwa sungura dawa hiyo iliyotolewa katika kongosho. Sungura waliopewa nyingi walipata degedege; walipochomwa glukosi, wakazinduka. Tarehe 11 Januari 1922, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 mwenye kisukari, alipata sindano ya kwanza ya dawa hiyo katika hospitali ya mji huo, na siku chache baadaye dawa iliyosafishwa zaidi na Collip ikamwinua. Tangu miezi hiyo ya mwanzo, madaktari waliona kwamba dawa inayookoa inaweza kushusha kupita kiasi, na juisi ya machungwa na peremende zikawa sehemu ya matibabu.

Mambo machache hayana mjadala. Mwenye ugonjwa wa figo asitumie juisi ya machungwa, kwa sababu ya potasiamu yake. Maji ya sukari yanamfaa. Anayemeza akabosi anahitaji glukosi safi, kwa kuwa dawa hiyo huzuia sukari ya mezani isivunjwe. Na aliyezimia asitiwe chochote mdomoni, kwani kinaweza kuingia mapafuni. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitalini akapewe glukosi ya mshipani. Glukagoni, homoni inayoliamuru ini litoe akiba yake, huchomwa kwa sindano, na tangu 2019 ile ya kupuliza puani imeidhinishwa Marekani. Katika maduka mengi ya dawa ya Afrika Mashariki bado ni adimu.

Mwezi wa Ramadhani unaleta swali la pekee kwa watu wa pwani na wa Ghuba. Miongozo ya kimataifa ya kisukari na funga inasema wazi: sukari ikiwa chini ya 3.9, mgonjwa afungue papo hapo, hata kama magharibi imebaki nusu saa. Kujitoboa kidole kupima hakubatilishi funga. Tende mbili tatu ndogo zinakaribia gramu 15, na maji ya sukari yanafika haraka zaidi. Na siku yoyote, iwe ya funga au la, dereva wa bodaboda au wa daladala anayejidunga insulini apime kabla ya kuondoka. Sheria za Uingereza humtaka dereva asubiri dakika 45 baada ya sukari kurejea sawa ndipo ashike usukani.

Kwa hayo yote, kadi ya kliniki au kamusi ya tiba ingeweza kuandika hivi. Sukari kushuka mno: hali ya sukari ya damu kuwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita kwa mtu anayetibiwa kisukari. Sukari ya haraka: glukosi, sukari ya mezani, asali, juisi au soda ya kawaida, inayotolewa kwa kipimo cha gramu 15 kwa mtu ambaye sukari yake imeshuka mno na anaweza kumeza, kisha akapimwa tena baada ya dakika 15.