Historia ya Orodha ya Kaya Maskini Dar es Salaam

Kwa muda mrefu serikali ilikuwa na swali moja kwa maskini wa Dar es Salaam: una ruhusa gani ya kuwapo mjini? Katika miaka ya 1940 utawala wa Waingereza uliweka sheria ya kuwaondoa mijini watu wasio na kazi na kuwarudisha makwao. Uhuru ulikuja, lakini mtazamo huo haukutoweka. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, Sheria ya Nguvukazi ilimtaka kila mwenye uwezo aonyeshe kazi anayofanya. Walioshindwa walikamatwa na kupelekwa mashambani. Wengi walirudi mjini baada ya muda mfupi.

Akiba ya uzeeni ilikuwepo, ila haikuwa ya kila mtu. Mfuko wa akiba ulioanzishwa mwaka 1964, ambao mwaka 1997 uligeuzwa kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), ulijengwa juu ya mshahara na mwajiri. Mama ntilie wa Tandika na mbeba mizigo wa Manzese walibaki nje. Wao walitegemea ndugu, jirani, msikiti, kanisa na chama cha kuzikana.

TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ilipoanza mwaka 2000 haikuja na ruzuku ya kumpa mtu mkononi. Ilijenga madarasa na zahanati pamoja na wananchi. Mabadiliko yalianzia kwenye majaribio yaliyofanywa katika vijiji vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, ambako mwaka 2010 kaya maskini zilianza kulipwa ruzuku kwa sharti kwamba watoto wasome na wapelekwe kliniki. Mexico ilikuwa imefanya hivyo tangu 1997, na Brazil pia ilikuwa imetangulia. Agosti 2012 Rais Jakaya Kikwete alizindua awamu ya tatu ya TASAF, na ndani yake ukazaliwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Kufikia mwaka 2015 zaidi ya kaya milioni moja zilikuwa zimeandikishwa, zikiwemo za Kinondoni, Ilala na Temeke.

Kaya iliingia kwenye orodha ya mpango huo kwa hatua kadhaa. Kwanza eneo lilipewa idadi ya kaya kulingana na makadirio ya umaskini. Kisha ukaitishwa mkutano wa hadhara, wakazi wakataja vigezo vya ufukara na kaya zinazostahili. Baada ya hapo mwandikishaji alipita nyumba kwa nyumba na dodoso: ukuta ni wa nini, paa ni la nini, mnapikia nini, mko wangapi, nani anasoma. Majibu yalipelekwa kwenye kompyuta, kanuni ya hesabu ikakadiria hali ya kaya, na wasiofikia kigezo wakaondolewa. Mwisho orodha ilirudi mkutanoni ikasomwa ili watu waithibitishe. Aliyeachwa aliruhusiwa kulalamika kwa kamati ya jamii, kisha halmashauri, hadi makao makuu.

Utaratibu huo ulitungwa ukiwa na kijiji akilini. Kijijini watu wanajua nani amelala njaa. Temeke, ambayo sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,368,881, ni jambo jingine. Mpangaji wa chumba kimoja Mbagala huenda amehamia miezi mitatu iliyopita. Mwenyekiti wa mtaa hamjui na mkutano ulipoitishwa mpangaji huyo alikuwa sokoni akitafuta riziki. Dodoso nalo humponza. Dar es Salaam hata fukara hulala chini ya bati na ndani ya ukuta wa tofali za saruji, kwa sababu nyumba za makuti na udongo karibu zimekwisha. Mjane aliyerithi nyumba isiyo na kipato huonekana tajiri kwenye karatasi.

Na fedha zenyewe hazikuwa nyingi. Ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, na kaya yenye watoto wengi waliotimiza masharti yote ilifikia 38,000. Kwa mtu asiye na kingine, kiasi hicho ni unga na sare ya shule.

Mwaka 2016 Serikali ya Rais John Magufuli iliagiza uhakiki wa walengwa, na neno kaya hewa, yaani kaya zilizomo kwenye orodha bila kustahili, likaenea nchi nzima. Makumi ya maelfu ya kaya yaliondolewa: waliofariki, waliohama, viongozi waliojiandikisha wenyewe, na wale walioonekana hali zao si mbaya. Kuondoa wadanganyifu kulikuwa haki. Lakini aliyekosa kufika siku ya malipo kwa sababu ya ugonjwa angeweza kuhesabiwa pamoja na aliyehama. Awamu mpya ya mpango ilizinduliwa Februari 2020 kwa lengo la kaya milioni 1.45, zikiwemo za mitaa iliyorukwa mwanzo. Familia iliyofilisika kati ya uandikishaji mmoja na mwingine ililazimika kungoja miaka.

Zanzibar ilichagua njia nyingine. Tangu Aprili 2016, mkazi aliyetimiza miaka 70 hulipwa pensheni ya jamii, ambayo ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuulizwa habari ya bati wala ukuta. Kinachobishaniwa huko ni umri na ukazi, mambo ambayo cheti cha kuzaliwa na sheha, kiongozi wa serikali wa eneo, vinaweza kuyathibitisha. Kwa hiyo mzee aliyekataliwa anajua alichokataliwa na anajua aonyeshe nini.

Hapo ndipo ilipo kasoro kubwa ya orodha ya Tanzania Bara. Rufaa haina nguvu kama mlalamikaji hajui sababu, na mwenyekiti wa mtaa hawezi kueleza hesabu iliyofanywa na kompyuta. Serikali inayompima mwananchi kwa dodoso inawajibika kumpa jibu la maandishi: ulikwama hatua gani, kwa kigezo kipi, na una siku ngapi za kulalamika. Nawe msomaji, jirani yako akikatwa jina, usimwache aende peke yake. Fuatana naye kwa mtendaji wa mtaa, mwende hadi kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri, na dai sababu iandikwe.