Uzi na Upungufu: Asili ya Majina Mitosisi na Meiosisi

Maneno mitosisi na meiosisi hufundishwa pamoja, hata mwanafunzi akadhani yalizaliwa siku moja. Sivyo. Mitosisi ilionekana kwa macho ndipo ikapewa jina. Meiosisi ilidaiwa na hesabu kabla mwendo wake haujafahamika.

Walther Flemming, wa Chuo Kikuu cha Kiel huko Ujerumani, alichunguza viluwiluwi vya salamanda, mnyama wa jamii ya vyura mwenye mkia, ambaye seli zake ni kubwa. Alipovitia rangi viini vya seli, nyuzi zilijitokeza, zikafupika, kisha zikapasuka kwa urefu wake. Mwaka 1882 aliuita mwendo huo mitosisi, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya uzi. Nyuzi zenyewe ziliitwa kromosomu na Waldeyer mwaka 1888. Katika kupasuka huko ndimo mna siri yote: seli mbili zinazozaliwa hupata kila moja nakala kamili, na idadi haibadiliki. Ndivyo ngozi ijijengavyo na kidonda kiponavyo.

Mwaka 1883, huko Liège, Mbelgiji Edouard van Beneden alitazama mayai ya mnyoo wa farasi, ambaye kromosomu zake ni chache mno. Yai lilileta 2, mbegu ya kiume 2, na yai lililotungishwa likawa na 4. Basi, kama yai na mbegu zingetengenezwa kwa mitosisi tu, kizazi cha pili kingekuwa na 8, cha tatu 16, na kuendelea pasipo kikomo. August Weismann, ambaye ugonjwa wa macho ulikuwa umemtenga na hadubini, alitoa hoja mwaka 1887 kwamba hapana budi pawepo mgawanyiko wa kupunguza. Mwaka 1890 Oscar Hertwig, kwa mnyoo yuleyule, alionyesha kuwa seli hugawanyika mara mbili mfululizo bila kromosomu kujirudufu katikati. Hivyo hutoka seli nne zenye nusu ya idadi.

Jina lilikuja mwaka 1905, kutoka kwa Waingereza Farmer na Moore: meiosisi, yaani upungufu kwa Kiyunani. Huyu Moore ndiye aliyekuwa ameongoza safari mbili za kuchunguza viumbe wa ziwa Tanganyika katika miaka ya 1890, akidhani, kimakosa, kwamba konokono wa ziwa hilo ni masalio ya bahari ya kale.

Hata hivyo jina hilo halisemi yote, na vitabu vingi vya shule navyo huishia kwenye hesabu. Katika mitosisi kila kromosomu huenda peke yake. Katika meiosisi ile ya baba na ile ya mama hutafutana, hulazana ubavu kwa ubavu, kisha huachana. Mwaka 1909 Janssens wa Leuven alipendekeza kwamba katika kulazana huko hubadilishana vipande. Creighton na McClintock walilithibitisha hilo kwa mahindi mwaka 1931.

Kuachana huko huweza kushindikana. Tjio na Levan walipotangaza mwaka 1956 kwamba binadamu ana kromosomu 46, ilibaki miaka mitatu tu kabla ya Lejeune, Gautier na Turpin kuonyesha, mwaka 1959, kwamba watoto wenye ugonjwa wa Down wana 47. Ile ya ziada ni ya namba 21, na mara nyingi hutokana na jozi isiyotengana wakati yai la mama lilipokuwa likitengenezwa.