Sinema Tatu za Rege na Santuri Zake

Filamu iitwayo The Harder They Come ilipooneshwa kwa mara ya kwanza mjini Kingston mwaka 1972, katika jumba la sinema la Carib, umati uliofurika mlangoni ulivishinda viti vya jumba na nguvu za mabawabu pamoja, kwani wakazi wa mitaa ya mafukara walikwisha kupata habari kwamba usiku ule wangeiona nchi yao katika filamu iliyoongozwa na Mjamaika, wachezaji wake wakiwa Wajamaika, na mazungumzo yake yakinenwa kwa Patwa, lugha ya sokoni na vichochoroni ambayo shuleni ilihesabiwa kuwa ni aibu. Si kwamba kisiwa kile kilikuwa hakijapata kuonekana katika sinema. Mwaka 1962, ambao ndio mwaka Jamaika ilipojipatia uhuru kwa Waingereza, ilipigwa huko picha ya kwanza ya James Bond, Dr. No; lakini mle Jamaika ilikuwa ni ufuo wa bahari na minazi tu, na wenyeji walipita nyuma ya wageni kama vivuli. Miongoni mwa walioajiriwa kuwatafutia wageni hao mahali pa kupigia picha alikuwamo kijana mmoja aitwaye Chris Blackwell, mwenye kampuni changa ya santuri iliyoitwa Island. Miaka mitano baadaye mwimbaji Desmond Dekker aliitwaa nambari ya yule jasusi, 007, akaitia katika wimbo wa vijana watukutu wa vibanda vya mabati, na wimbo huo ukaja kuingia katika filamu ya mwaka 1972, katika santuri iliyotolewa na Blackwell huyo huyo.

Mwenye filamu, Perry Henzell, alikuwa Mjamaika mweupe aliyekulia katika shamba la miwa na kujipatia ustadi wa kamera kwa kutengeneza matangazo ya biashara. Alitunga hikaya yake pamoja na mwandishi wa tamthilia Trevor Rhone, na shina lake walilichukua katika kisa cha kweli cha Ivanhoe Martin, mwenye lakabu ya Rhyging, jambazi aliyewatoa jasho askari wa Kingston hata wakamuua katika kisiwa kidogo cha Lime Cay mwezi wa Oktoba 1948. Rhyging wa kweli hakuwa mwimbaji. Uimbaji alipewa na Henzell, na katika kipawa hicho kimoja ndimo ilimo siri ya filamu nzima, kwa sababu kijana wa shamba anayeingia mjini na kikapu chake, akaibiwa siku ile ile, akafukuzwa kila alikoomba kazi, sasa anacho kitu cha kuuza. Na mara tu apatapo kitu cha kuuza, mtazamaji ataona jinsi soko lilivyo.

Studio ya Kingston inaoneshwa mle bila pambo. Twawaona Maytals, kundi la Toots Hibbert, wakiimba Sweet and Dandy, wimbo uliokuwa umeshinda katika tamasha la taifa mwaka 1969, na Ivan, yule kijana wa shamba, akiwatazama kwa shauku ya mtu aliyeufikia mlango wa pepo. Kisha zamu yake inafika, naye anauimba wimbo wake kwa ufasaha usio na shaka, na yule mtayarishaji tajiri, Hilton, anampa dola 20 na karatasi ya kutia saini. Ivan anakataa. Anaichukua santuri yake na kuitembeza mwenyewe kwa wapiga santuri na wauzaji, na kila anakobisha anakuta Hilton amekwisha kutangulia kwa jina lake na nguvu zake. Mwisho anarudi, kichwa chini, akazipokea dola 20 zile zile. Sijaona katika sinema yoyote ya muziki, ya nchi yoyote, dhuluma ya biashara ya nyimbo ikielezwa kwa maneno machache kuliko haya. Wimbo wenyewe unavuma baadaye tu, wakati mwenyewe amekwisha kuwapiga askari risasi na kuwa mtoro, nazo fedha za kuvuma kwake zinamwendea mwingine.

Jimmy Cliff, aliyekuwa Ivan, hakuhitaji kufundishwa hali hiyo. Naye alitoka shamba akaja Kingston akiwa mvulana, akabisha milango ya watayarishaji, hata alipofika katika duka la Leslie Kong lililoitwa Beverley's alitunga wimbo wenye jina la duka ili amshawishi mwenyewe kuingia katika kazi ya santuri. Kong alikubali, akawa miongoni mwa watayarishaji mashuhuri kabisa wa kisiwa kile, na sehemu kubwa ya nyimbo za filamu hii ilitoka mikononi mwake. Lakini alifariki mwaka 1971, wala hakuiona filamu ikikamilika.

Basi na tuitazame santuri. Wengi hudhani kwamba nyimbo zile zilitungwa kwa ajili ya filamu, na dhana hiyo si sahihi, kwa maana wimbo uliotungwa makusudi ni ule mmoja tu wenye jina lake. Nyingine zote zilikwisha kuimbwa na kuuzwa: 007 ya Dekker mwaka 1967, Many Rivers to Cross ya Cliff mwaka 1969, na Rivers of Babylon ya Melodians mwaka 1970, wimbo wenye asili yake katika Zaburi ya 137, ambao wasomaji wengi wa kwetu wameujua kwa sauti za Boney M za mwaka 1978 na hawakupata kuzisikia zile sauti tatu za kwanza, nyepesi, zenye huzuni isiyolia. Kwa hiyo santuri ya The Harder They Come ni diwani: mtu mwenye sikio amechagua katika mavuno ya miaka mitano yaliyo bora, akayapanga kwa utaratibu, akayatia katika jalada moja. Nyimbo mbili zimerudiwa ili santuri ijae, na hata hivyo hakuna aliyelalamika. Mwaka 2021 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya sauti zinazostahili kuhifadhiwa, na kwa insafu yangu haki ilitendeka.

Filamu yenyewe ilisafiri kwa mashaka. Katika nchi zinazosema Kiingereza ilibidi itiwe maandishi chini ya picha, ili watu wa lugha hiyo waelewe Kiingereza cha Kingston. Marekani iliingia mwaka 1973 kwa mkono wa kampuni ya Roger Corman, msambazaji wa sinema za gharama ndogo, ikatangazwa kama picha ya bunduki tu, na haikuvuma; wokovu wake ulikuwa maonesho ya saa sita za usiku, hasa katika jumba la Orson Welles huko Cambridge, Massachusetts, ambako iliendelea kuoneshwa kwa miaka. Santuri haikuhitaji maandishi wala jumba. Iliingia nyumba za watu ambao hawakupata kuiona filamu, ikawa mlango wao wa kwanza wa rege, na ndiyo iliyoitengeneza njia ambayo Bob Marley na Wailers waliipita mwaka 1973 kwa santuri yao Catch a Fire. Blackwell amesimulia kwamba mpango wake ulikuwa kumkuza Cliff kwa sura ile ya mwasi wa filamuni, na kwamba Cliff alipoiacha kampuni ya Island, ndipo Marley alipoingia mlangoni kwake.

Hapa ndipo penye neno langu. Santuri iliyoitangulia filamu duniani iliibeba sauti na kuiacha kesi. Msikilizaji wa London au Boston aliuimba wimbo mkuu kama wimbo wa ushujaa, asijue kwamba ndani ya filamu wimbo ule ni shahidi wa kuporwa kwa mwimbaji wake. Na You Can Get It If You Really Want, unaosikika kama bishara njema kwa kila mwenye juhudi, katika filamu unamsindikiza mtu anayefungiwa milango mmoja baada ya mwingine. Aliyeisikia santuri peke yake, hata kama ameisikia mara mia, ameusikia upande mmoja wa shauri.

Kuna jambo moja la filamu hiyo linalotugusa sisi wa pwani hii, nami sipendi lipite bila kutajwa. Rasta Pedro, rafiki mwaminifu wa Ivan, alichezwa na Ras Daniel Hartman, mchoraji mashuhuri wa Kingston ambaye picha zake za kalamu za watoto na wazee wa Kirasta zilitundikwa kutani katika nyumba nyingi za Jamaika. Wenzake wengi waliihubiri Afrika kwa ndimi. Yeye alifunga safari, akahamia Tanzania, na huko ndiko mauti yalikomkuta.

Rockers, filamu ya mwaka 1978, ilianza kwa nia ya kuwa taarifa ya kweli juu ya wanamuziki, kisha ikageuka hikaya. Mwongozaji wake, Theodoros Bafaloukos, alikuwa Myunani, na kisa chake kina nasaba na The Bicycle Thief, filamu ya Mwitaliano De Sica ya mwaka 1948: Leroy Wallace, mpiga dramu ajulikanaye kwa jina la Horsemouth, ananunua pikipiki ili asambaze santuri madukani na kujiongezea kipato, anaipamba kwa picha ya Simba wa Yuda, na pikipiki inaibiwa. Lakini Mwitaliano alimwacha mtu wake na fedheha yake barabarani, ilhali Horsemouth na wenzake wanaivamia ghala ya wezi usiku, na kulipokucha mafukara wanakuta majokofu na samani milangoni mwao.

Tofauti yake kubwa na filamu ya Henzell ni kwamba hapa karibu kila mtu anajicheza mwenyewe. Gregory Isaacs, Jacob Miller, Robbie Shakespeare, Big Youth, Dillinger na Richard Hall aitwaye Dirty Harry wote wamo, kwa majina yao na mavazi yao, na hata mke na watoto wa Horsemouth wamo. Wimbo katika Rockers haununuliwi kwa dola 20 mbele ya macho yetu. Umeenea tu, unatoka madukani, hotelini, uani, na katika ile disko ambamo Dirty Harry anamwondoa mpiga santuri kwa nguvu na kuweka rege. Kisa kinapita polepole, pengine kinapotea kabisa, nami sikioni kuwa ni kasoro, kwa kuwa watu wale wanastahili kutazamwa wanavyotembea na kusalimiana. Miller alifariki kwa ajali ya gari mwezi wa Machi 1980, na mtu anayetaka kumwona alivyokuwa mwenye siha na furaha hana pahala pazuri kuliko hapa.

Santuri ya Rockers nayo imejaa vito: Police and Thieves ya Junior Murvin, Stepping Razor ya Peter Tosh, Slave Master ya Isaacs. Kama diwani haikuifikia ile ya kwanza, kwa sababu imechaguliwa kwa ukarimu mwingi kuliko ukali. Ila ina kitu kimoja ambacho ile haina. Burning Spear anaketi usiku kando ya bahari pamoja na Horsemouth aliyelemewa na mambo, na bila gitaa, bila ngoma, anaimba Jah No Dead kwa sauti yake peke yake, nayo santuri imeihifadhi hivyo hivyo.

Island ilijaribu tena mwaka 1982 kwa Countryman, picha nzuri kwa macho, yenye nyimbo za Marley, lakini kisa chake hakina uzito.

Filamu ambayo muziki na picha vimefungwa fundo moja kuliko zote hizi haikupigwa Jamaika. Babylon, ya mwaka 1980, ni ya London kusini, mitaa ya Deptford na Brixton, na mwongozaji wake ni Franco Rosso, aliyeiandika pamoja na Martin Stellman. Brinsley Forde, mwimbaji wa kundi la Aswad, ni Blue, kijana fundi wa magari ambaye usiku huimba juu ya santuri katika vyombo vikubwa vya muziki ambavyo vijana wa Kikaribi walivijenga wenyewe, sanduku juu ya sanduku, wakashindana navyo kumbini. Katika muda wa siku chache anapoteza kazi, anapigwa na polisi, na vyombo vya kundi lake vinavunjwa na majirani wenye chuki ya rangi. Muziki wa filamu uliandaliwa na Dennis Bovell, ambaye hakuyasoma mambo hayo magazetini: mwaka 1974 polisi waliivamia klabu ambamo alikuwa akiendesha vyombo vyake, akashitakiwa, akakaa gerezani kwa miezi hata rufaa ilipomtoa.

Mchuano wa mwisho ni dhidi ya Jah Shaka, bingwa wa kweli wa vyombo hivyo, anayeonekana kwa jina lake mwenyewe. Mapigo ya Warrior Charge ya Aswad yanapoanza, Blue anaimba juu yake huku polisi wakiuvunja mlango wa ukumbi, wala haachi kuimba. Hapo wimbo si bidhaa tena kama kwa Henzell, wala si pumzi ya kila siku kama kwa Bafaloukos, bali ni boma, na walio ndani wamekataa kutoka.

Uingereza iliipa Babylon cheti cha X, ikiwafungia nje vijana wale wale ambao habari zake zilikuwa zao, na Marekani haikuingia katika majumba ya sinema hata mwaka 2019. Santuri yake ilitoka kwa kampuni ya Chrysalis mwaka wa filamu, lakini haikuenea kama zile mbili za kwanza. Anayetaka kuzilinganisha filamu hizi kwa insafu aisikilize ya Henzell kwanza na kuitazama baadaye, aitazame Rockers ndipo aisikilize, na kwa Babylon asitenganishe. Aitazame mahali penye vipaza sauti vya kutosha, kwa sababu besi za Bovell zilitengenezwa zisikike kwa kifua.