Bili ya Hospitali na Zizi la Mifugo: Historia ya Gharama za Matibabu Isiolo

Malalamiko yanayosikika leo katika mji wa Isiolo kuhusu bili za hospitali zinazomkuta mtu bila kutarajia, na kuhusu michango ya bima isiyolipika, yana umri mkubwa kuliko mfumo wowote wa bima uliopo sasa, na hayawezi kueleweka kwa kutazama viwango vya ada peke yake. Kwa zaidi ya nusu karne mipango ya malipo ya matibabu nchini Kenya imebuniwa kana kwamba kila mwananchi hupokea mshahara mwisho wa mwezi, ilhali sehemu kubwa ya mali ya kaunti hii, yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 25,000 na wakazi 268,002 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, imekuwa mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia, mali ambayo huongezeka mvua zikinyesha na kuteketea ukame ukishika. Juu ya kasoro hiyo imewekwa nyingine inayouma zaidi: ada za matibabu zimefutwa, zikarudishwa, zikafutwa tena na kurudishwa tena, na kila mara mgonjwa ndiye aliyepata habari mwisho, akiwa amekwisha kufika dirishani.

Mji wenyewe ulikua chini ya utawala wa Waingereza kama makao ya serikali katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, eneo kubwa ambalo watu hawakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia waliokuwa askari wa Kisomali, wengi wao wa koo za Isaaq na Harti, walipewa makazi hapo, wakaishi jirani na Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wameru. Umuhimu wa Isiolo machoni pa wakoloni ulitokana kwa kiasi kikubwa na karantini ya mifugo, yaani kituo ambapo wanyama kutoka kaskazini walizuiliwa na kuchunguzwa kabla ya kuruhusiwa kwenda kuuzwa kusini, ili sotoka na homa ya mapafu ya ng'ombe zisifike katika mashamba ya walowezi. Utaratibu huo ulilinda mifugo ya wengine, na kwa mfugaji wa kaskazini ulikuwa na maana moja kubwa, kwamba soko lake lilikuwa lango linaloweza kufungwa wakati wowote. Mtu aliyehitaji fedha taslimu kwa haraka, ziwe za kodi au za tiba, hakuwa na hakika ya kuzipata hata kama zizi lake lilikuwa limejaa.

Katika mazingira hayo kinga ya kweli dhidi ya msiba ilikuwa ukoo. Waborana walikuwa na utaratibu uitwao busa gonofa, na kwa kiasi fulani bado wanao, ambao chini yake mtu aliyepoteza mifugo kwa ukame, ugonjwa au uvamizi hupeleka haja yake mbele ya wazee wa ukoo, nao hutathmini hasara, hupima uwezo wa kila mwanaukoo na kuamua nani atoe mnyama gani, na aliyesaidiwa leo huwa na wajibu wa kutoa zamu ya mwenzake itakapofika. Ulikuwapo pia utaratibu wa dabare, ambao kwao mwenye mifugo humkabidhi asiye nayo ng'ombe wa kukama bila kumhamishia umiliki, ili watoto wapate maziwa. Miongoni mwa Wasomali mchango wa ukoo unaojulikana kama qaaraan ulikusanywa kwa ajili ya mgonjwa, msafiri au mwenye deni, na zaka iliwafikia mafukara kwa msingi wa dini. Taratibu hizi hazipaswi kusifiwa kupita kiasi, kwa kuwa asiye na ukoo wenye nguvu aliweza kusahaulika, na msiba uliowapata wote kwa pamoja haukuwa na wa kuupooza. Hata hivyo zilikuwa na sifa ambayo mifumo ya baadaye imeikosa, nayo ni kwamba mchango ulidaiwa kwa mtu wakati alipokuwa na uwezo, na waliopima uwezo huo waliliona zizi lake kwa macho.

Uhuru ulipofika mwaka 1963 ulileta kaskazini vita badala ya amani. Hali ya hatari ilitangazwa mwezi Desemba mwaka huo kutokana na harakati za kutaka eneo hilo lijiunge na Somalia, na katika miaka iliyofuata, iliyokuja kujulikana kama vita vya Shifta, wakazi wa Isiolo waliangamizwa kiuchumi kwa namna ambayo athari zake zinaonekana hadi leo. Kuanzia mwaka 1966 serikali iliwakusanya wafugaji katika vijiji vya ulinzi, vikiwamo vya Garba Tulla na Merti, ambako mifugo haikuweza kufuata malisho. Wanyama walikufa kwa njaa na magonjwa, wengine walitaifishwa au kupigwa risasi, na Waborana wa Isiolo, waliokuwa miongoni mwa matajiri wa ngamia na ng'ombe, wakapoteza sehemu kubwa kabisa ya mali yao. Wazee wa Kiborana wanakiita kipindi hicho gaf daba, yaani wakati wa kuzuiliwa. Mtu akipoteza ng'ombe kumi ukoo huweza kumrudishia. Ukoo mzima ukipoteza kila kitu, busa gonofa haina pa kuchota.

Ni jambo la kuhuzunisha kwamba miaka hiyohiyo ndiyo iliyoweka msingi wa fedha za afya wa taifa. Mwaka 1965 serikali ya Jomo Kenyatta ilifuta ada ya shilingi tano iliyokuwa ikitozwa wagonjwa wasiolazwa katika vituo vya umma, hatua ya ukarimu mkubwa ambayo hata hivyo haikuwa na uzito kwa mtu aliyezuiliwa kijijini mbali na zahanati. Mwaka 1966, wakati wafugaji wa Garba Tulla wakihesabu mizoga, Bunge liliunda Bima ya Kitaifa ya Hospitali, iliyojulikana baadaye na kila Mkenya kwa herufi NHIF, ambayo iliwahusu waajiriwa wenye mishahara na kuwakata shilingi 20 kwa mwezi. Wasio na ajira waliruhusiwa kujiunga kwa hiari kuanzia mwaka 1972, lakini umbo la bima lilikuwa limekwisha kuamuliwa: ilikuwa bima ya mtu mwenye mwajiri, mwenye hati ya malipo na mwenye mwezi unaofanana na mwezi mwingine. Sheria za dharura zilizoitenga kaskazini hazikufutwa hadi mwaka 1991, na kwa muda wote huo watu wengi wa Isiolo walitibiwa na misheni ya Kikatoliki, na zahanati chache za serikali, na waganga wa jadi, au hawakutibiwa kabisa.

Matibabu ya bure yalidumu rasmi hadi Desemba 1989, wakati serikali, ikibanwa na madeni na masharti ya marekebisho ya uchumi yaliyopigiwa debe na Benki ya Dunia, ilipoanzisha mfumo wa kuchangia gharama, yaani mgonjwa kulipia sehemu ya huduma katika hospitali na vituo vya afya vya umma. Idadi ya wagonjwa ilishuka sana kote nchini, kiasi cha serikali kusimamisha ada ya kujiandikisha mwezi Septemba 1990, kisha kuanza kuirudisha kwa awamu miaka miwili baadaye ikiwa imebadilishwa na kuwa ada ya matibabu. Hapo ndipo lilipozaliwa jambo ambalo watu wa Isiolo wanalilalamikia zaidi kuliko bei yenyewe, yaani bili isiyo na mwisho unaojulikana. Mgonjwa hulipia faili, kisha vipimo vya maabara, kisha picha ya eksrei, kisha kitanda kwa kila siku anayolala. Glavu na sindano zikikosekana ndugu hutumwa kuzinunua katika duka la dawa nje ya lango. Na daktari akitoa rufaa ya kwenda Meru au Nairobi, hesabu huanza upya pamoja na mafuta ya ambulensi. Ulikuwapo msamaha kwa wasiojiweza, ulioidhinishwa na afisa wa ustawi wa jamii baada ya kumhoji mgonjwa, lakini ulitolewa mwishoni, baada ya familia kukaa na hofu kwa siku nyingi.

Familia ya mfugaji ilipata fedha hizo sokoni, na soko la mifugo la Isiolo halina huruma kwa muuzaji mwenye haraka. Dalali humpapasa mbuzi mgongoni na kiunoni, humtazama mwenye mbuzi usoni, na akijua kwamba mama mtoto yuko wadini hutaja bei ya chini akiwa na hakika kwamba itakubaliwa. Wakati wa kiangazi, ambapo mnyama amekonda na wauzaji ni wengi, bili ileile huhitaji mbuzi wengi zaidi kuliko msimu wa mvua, hivyo gharama ya kulazwa kwa mfugaji hupanda na kushuka hata kama hospitali haijagusa ada zake. Aliyeuza mtamba, yaani jike changa ambaye bado hajazaa, alilipa pamoja naye maziwa na ndama wa miaka iliyofuata. Hasara hiyo haijapata kuandikwa katika stakabadhi yoyote ya hospitali.

Mabadiliko yaliyofuata yanaweza kutajwa kwa ufupi. Mwaka 2004 ada katika zahanati iliwekwa kuwa shilingi 10 na katika vituo vya afya shilingi 20. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, ilitamka kwamba afya ni haki na kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mwezi Juni 2013 ada za zahanati na vituo vya afya zilifutwa, na kujifungua katika hospitali za umma kukawa bure, mwaka uleule ambao huduma za afya zilihamishiwa kwa kaunti. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia hospitalini wagonjwa walioshindwa kulipa ni kinyume cha sheria. Mwaka huohuo mchango wa NHIF kwa wasio na ajira rasmi ulipandishwa kutoka shilingi 160 hadi 500 kwa mwezi, na aliyechelewa alitozwa faini, kana kwamba ukame ni uzembe.

Kisha ukaja mwaka ambao Isiolo haijausahau. Tarehe 13 Desemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alizindua mjini Kisumu majaribio ya mpango wa afya kwa wote katika kaunti nne: Kisumu kwa sababu ya magonjwa ya kuambukiza, Nyeri kwa sababu ya magonjwa sugu kama kisukari, Machakos kwa sababu ya majeruhi wa ajali, na Isiolo kwa sababu ya wafugaji wanaohamahama na ya vifo vya akina mama wajawazito, ambavyo viliiweka kaunti hiyo miongoni mwa zilizoathirika zaidi nchini. Kaya ziliandikishwa, ada katika hospitali za kaunti zikaondolewa, na serikali kuu ikafidia kaunti mapato hayo, sehemu kubwa ya fedha ikielekezwa kwenye ununuzi wa dawa kupitia bohari ya taifa ya vifaa vya tiba. Watu waliokuwa wakiugulia nyumbani walikwenda hospitalini. Walitoka pia kaunti jirani, kwa kuwa mpaka wa Isiolo na Meru au Samburu ni mstari wa ramani usiomzuia mwenye maumivu, na foleni zilirefuka na dawa zikapungua. Kasoro hizo zilikuwa za kweli, lakini kuzifanya hoja ya kuuhukumu mpango ni kosa: msongamano ule ulikuwa kipimo cha maradhi yaliyokuwa yamefichwa na bei kwa miaka thelathini. Majaribio yalikuwa ya mwaka mmoja. Mwaka 2020, nchi ikiwa imeingiwa na korona, yalikwisha bila kuenezwa kote kama ilivyoahidiwa, na wakazi walioambiwa kwamba matibabu ni haki yao wakakutana tena na dirisha la malipo.

Ukame uliofuata, wa misimu mitano ya mvua iliyokosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, uliangamiza mifugo kote kaskazini, na ni katika hali hiyo ya umaskini mpya ambapo sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa saini Oktoba 2023 na mfumo wake kuanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024, ikiifuta NHIF na kuweka Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo watu huiita SHA. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara hukadiriwa mapato yake kwa kuulizwa maswali kuhusu nyumba, maji, choo na mali ya kaya, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, ambacho ni nafuu kuliko zile 500 za zamani, isipokuwa kwamba hutakiwa kulipwa kwa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani shilingi 3,600 au zaidi. Mipango ya kulipa pole pole kwa mkopo ilibuniwa baadaye, ikiwa ni ushahidi kwamba tatizo lilitambuliwa. Mwanamke wa Isiolo anayepakia maziwa ya ngamia ya jana katika jerikeni za njano na kuyapeleka kwa basi hadi Eastleigh jijini Nairobi huishi kwa faida ya siku. Anaweza kutoa kidogo kila jioni, na ni vigumu kwake kutoa mkupuo wa mwaka mwezi ambao ngamia wamekauka. Ndiyo sababu ugonjwa mkubwa unapotokea, kundi la WhatsApp hufunguliwa, mweka hazina huteuliwa, na michango huingia kwa M-Pesa kutoka kwa ndugu wa Nairobi na Minnesota, qaaraan ileile ikiwa imepata chombo kipya.

Kinachofanya hali hii isivumilike ni kwamba kaunti hiyohiyo imeshuhudia bima iliyobuniwa kwa kufuata maisha ya mfugaji. Bima ya mifugo iliyoanzishwa Marsabit mwaka 2010, na baadaye kufikishwa Isiolo, hupima kwa setilaiti ukijani wa malisho na kulipa fidia malisho yanapokauka, bila kudai hati ya mshahara, nayo huuzwa mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua ndefu ambazo Waborana huziita ganna na kabla ya zile fupi za hagaya. Ilikuwa na upungufu wake, na wafugaji wengi walisitasita kuinunua, wengine kwa sababu za kidini ambazo zilijibiwa kwa kuletwa takaful, bima inayofuata sharia ya Kiislamu. Lakini waliobuni bima ya ng'ombe walianza kwa kuuliza fedha za mfugaji huingia mwezi gani, na swali hilo, linaloweza kujibiwa na mzee yeyote wa Merti, bado halina nafasi katika fomu inayokadiria mchango wa matibabu ya mwenye ng'ombe.