Jicho, Sindano na Fidia

Farasi mwenye glandasi huweza kuvuta gari miezi mingi bila kuonyesha dalili. Bakteria wa ugonjwa huo, Burkholderia mallei, hutoka na makamasi na kubaki kwenye maji wanayokunywa wenzake. Saisi anayempangusa pua naye huweza kuambukizwa, na maradhi yakimwingia damuni asitibiwe, ni nadra kupona. Mgonjwa atambuliweje mapema?

Warumi walitegemea jicho. Vegetius, aliyeandika kitabu cha tiba ya wanyama katika karne ya 4 au ya 5, aliagiza mnyama anayeshukiwa atengwe mara moja. Akawaonya wenye mali wasisingizie hasira za mbinguni kwa msiba ulioletwa na uzembe wao. Huyu alielewa uambukizo karne nyingi kabla watafiti Loeffler na Schütz hawajamnasa bakteria huyo mjini Berlin mwaka 1882. Ila jicho huona usaha ukishatoka, na hapo zizi zima limekwisha kuchanganyika.

Sindano ilikuja kuliziba pengo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Helman na Kalning, madaktari wa mifugo katika Dola ya Urusi, walitengeneza maleini kutokana na bakteria waliouawa. Tone likidungwa kwenye kope ya farasi aliyeambukizwa, kope huvimba ndani ya siku mbili. Kalning mwenyewe aliuawa na glandasi mwaka 1891. Kipimo hiki kilinunuliwa kwa roho ya mtu.

Hata hivyo, sindano haimfikii farasi aliyefichwa. Uhindi ilitunga sheria ya glandasi mwaka 1899, na mnyama akithibitishwa kuwa mgonjwa huuawa. Kwa mchukuzi wa matofali mwenye punda mmoja, jibu la maabara ni hukumu ya njaa. Uingereza iliutokomeza ugonjwa mwaka 1928 kwa kupima, kuua na kulipa fidia, huku magari nayo yakipunguza farasi barabarani.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kweli, lakini anayeficha kwa hofu ya kufilisika hakomeshwi kwa kuonywa. Jicho la Vegetius na sindano ya Kalning vyote humsubiri mwenye punda afungue mlango wa banda. Fidia ya haki, inayolipwa kwa wakati, ndiyo itakayomfanya aufungue.