Jinsi Sembe Ilivyotawala Chungu cha Taifa

Nusu karne imepita tangu uhaba mkubwa wa chakula wa 1973 hadi 1975 uikumbe Tanzania, na tukio hilo lastahili kukumbukwa kwa kuwa ndilo lililokita mizizi ya ulaji ambao leo wengi huudhania kuwa wa jadi. Mahindi, yaliyoletwa pwani kutoka Amerika katika zama za Wareno, yalikuwa nafaka moja tu miongoni mwa nyingi: Ugogo ulitegemea uwele na mtama, Bukoba na Rungwe ndizi. Enzi za ukoloni yakapanda hadhi kupitia posho, yaani mgao wa unga waliopewa vibarua wa mashamba ya mkonge.

Deborah Bryceson, ambaye kitabu chake cha 1990 kinafuatilia uhaba wa chakula nchini kati ya 1919 na 1985, huitazama historia hii kupitia uhusiano wa mkulima, soko na dola, na kwa mtazamo huo ukame pekee hautoshi kueleza yaliyotokea. Ukame ulikuja wakati bei ya mafuta ikipaa, na wakati mamilioni ya wakulima wakihamishwa kufuatia agizo la Mwalimu Nyerere la Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri. Serikali ikatangaza kilimo cha kufa na kupona na kuagiza nafaka ng'ambo, yakiwemo mahindi ya njano ambayo unga wake wananchi waliuita Yanga, kwa rangi ya jezi za klabu ya soka yenye jina hilo.

Kisha Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, likanunua mazao kwa bei moja nchi nzima, hatua iliyoinua Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa. Wakulima wa maeneo makavu, waliohimizwa kulima mtama na muhogo, waliitikia kwa bidii, lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 mazao yao yalirundikana maghalani, kwa sababu miji ilikuwa imezoeshwa sembe, unga wa mahindi yaliyokobolewa, iliyouzwa kwa ruzuku. Wakulima hao walidhulumiwa na sera iliyowataka walime kile ambacho yenyewe ilikiondoa mezani.

Ruzuku ilifutwa 1984, biashara huria ikafuata, na mchele ukazidi kuenea. Sembe ilibaki, ingawa kukoboa huondoa kiini chenye mafuta na sehemu kubwa ya vitamini. Kituo cha utafiti cha Ilonga, Kilosa, kimetoa mbegu bora za mtama, ikiwemo Tegemeo, lakini si haki kumlaumu mkulima wa Dodoma anayepanda mahindi kwenye mvua haba, ilhali hata shule ya bweni iliyo jirani yake hununua mahindi.