Mwenyeji wako nani? Namna fayawoli inavyokumbuka mazungumzo ya simu yako

Mgeni akiingia kijijini, iwe Mitundu katika Halmashauri ya Itigi au kijiji kingine chochote, huulizwa kwanza: mwenyeji wako nani? Akitaja mtu, na mtu huyo akakiri kumwita, anapita. Asiye na mwenyeji hupelekwa kwa mtendaji akajieleze.

Swali hilohilo huulizwa ndani ya mitambo ya intaneti kila unapowasha data. Mtambo unaouliza huitwa fayawoli, yaani kizuizi kinachokagua kila kinachoingia na kutoka kwenye mtandao. Katika makala hii tunaeleza jinsi kizuizi hicho kinavyofanya kazi, jinsi kinavyopangwa kwenye ruta ya waifai ya dukani au shuleni, na kwa nini tapeli bado anaweza kukipita.

Daftari la mazungumzo

Unapofungua WhatsApp au kutazama bei ya alizeti mtandaoni, taarifa husafiri zikiwa zimekatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti hubeba anwani ya itokako na ya iendako, pamoja na namba ya mlango katika kila upande.

Fayawoli za zamani ziliangalia kila pakiti peke yake. Hazikujua kama pakiti inayoingia ni jibu la swali lako au ni ya mtu anayejaribu mlango wako. Za sasa zina daftari. Simu yako inapoanzisha mazungumzo, fayawoli huandika nani ameongea na nani, kupitia milango ipi. Pakiti ikirudi kutoka nje, hutafutwa daftarini. Ikikutwa inapita, isipokutwa inatupwa. Katika Linux, mfumo unaoendesha ruta nyingi duniani, daftari hili lilianza kutumika mwaka 2001.

Kwenye mtandao wa simu, daftari hilo lina kazi ya pili. Anwani za intaneti za aina ya zamani ni takriban bilioni 4.3 tu, na hazitoshi. Kwa hiyo kampuni ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya kutokea nje, na daftari ndilo linalokumbuka jibu lipi ni la simu ipi. Kwa sababu hiyo, kwa kawaida mtu wa mbali hawezi kuifikia simu yako moja kwa moja kama hukuanza wewe.

Hali nne za pakiti

Fayawoli huiweka kila pakiti katika hali mojawapo kati ya nne. Kwenye skrini ya ruta hali hizo huandikwa kwa Kiingereza, nasi tunazitaja ili fundi azitambue.

*Mpya*, huandikwa new: pakiti ya kwanza ya mazungumzo ambayo hayamo daftarini.

*Yaliyoanza*, huandikwa established: pande zote mbili zimeshaonana, swali limekwenda na jibu limerudi.

*Yanayohusiana*, huandikwa related: pakiti iliyozaliwa na mazungumzo mengine. Mfano ni taarifa kutoka njiani kwamba seva uliyoiita haifikiki. Hukuiita taarifa hiyo, lakini inahusu safari yako.

*Yasiyoeleweka*, huandikwa invalid: pakiti isiyolingana na chochote, kama jibu la swali ambalo halikuulizwa.

Kanuni zinavyopangwa

Anayeuza waifai kwa vocha, au anayesimamia kompyuta za shule au zahanati, anaweza kupanga kanuni hizi mwenyewe. Fayawoli huzisoma kutoka juu kwenda chini na kusimama kwenye ya kwanza inayolingana, kwa hiyo mpangilio ni muhimu kama kanuni zenyewe.

1. Ruhusu yaliyoanza na yanayohusiana. Pakiti nyingi ziko hapa, na kuiweka kanuni hii juu kunaipunguzia ruta kazi.
2. Tupa yasiyoeleweka.
3. Ruhusu mapya yanayotoka ndani, yaani kwa wateja wako kwenda intaneti.
4. Tupa mengine yote.

Kanuni ya nne ikikaa juu, hakuna kitakachopita na wateja watalalamika kwamba mtandao umekufa. Ikisahaulika kabisa, wateja hawataona tofauti yoyote, lakini mlango utakuwa wazi kwa kila anayepita nje.

Kanuni hizo nne ni za pakiti zinazopita katika ruta. Pakiti zinazokuja kwenye ruta yenyewe huwa na orodha yake, nayo ipangwe kwa mtindo huohuo. Ukurasa wa kubadilishia mipangilio ufunguke kwa aliye ndani tu, kutoka kwenye kifaa cha msimamizi, na nywila iliyokuja na ruta ibadilishwe siku ya kwanza. Kabla ya kugusa chochote, hifadhi nakala ya mipangilio ya zamani, na ufanye kazi ukiwa karibu na ruta. Ukijifungia nje kwa bahati mbaya, utaweza kuirejesha bila kusubiri fundi atoke mbali.

Kwa nini mtandao hukatika wakati minara imejaa?

Daftari lina kurasa zenye mwisho, na kila mstari una muda wa kufutwa. Katika Linux, mazungumzo yanayothibitishana pande mbili, kama kufungua tovuti, hukaa daftarini hadi siku 5 bila kusikika kama muda haujabadilishwa. Katika ruta za MikroTik muda huo ni siku 1. Pakiti zisizosubiri uthibitisho, zinazotumika sana kwenye simu za sauti za intaneti, hufutwa mapema zaidi, baada ya sekunde kadhaa hadi dakika chache za ukimya.

Hapo zinatokea shida mbili. Ya kwanza ni daftari kujaa. Simu moja yenye programu mbovu inaweza kufungua maelfu ya mazungumzo, na ruta ndogo ikakosa nafasi ya kuandika mapya. Walioanza kuongea wanaendelea, lakini anayefungua ukurasa mpya anakwama, ingawa alama ya mtandao imejaa. Kuzima na kuwasha ruta hulifuta daftari, lakini tiba ya kudumu ni kumtafuta anayelijaza, kuweka kikomo cha mazungumzo kwa kila kifaa, na kupunguza ule muda mrefu wa kungojea.

Shida ya pili ni mstari kufutwa mapema. Ili usifutwe, programu za ujumbe hutuma vipakiti vidogo mara kwa mara kuonyesha kwamba bado zipo. Ukibana sana matumizi ya chaji au data ya nyuma ya pazia, vipakiti hivyo husimama, na ujumbe unaweza kuchelewa hadi uifungue programu mwenyewe.

Tapeli anapitaje?

Fayawoli huuliza nani ameanza mazungumzo. Haiulizi kama mazungumzo hayo ni ya kweli. Ukibonyeza linki ya "zawadi", wewe ndiye uliyeanza. Daftari linaandika hivyo, na kila kinachorudi kutoka kwa tapeli kinapita kama jibu halali. Umekuwa mwenyeji wake. Ndiyo maana matapeli hawahangaiki sana kuuvunja mlango, hutafuta namna ya kukufanya uufungue mwenyewe.

Tena, ujumbe mfupi wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" haupiti kwenye daftari hilo, wala menyu za pesa zinazoanza na *150. Hizo husafiri kwenye njia za mtandao wa simu, si za intaneti. Fayawoli haiwezi kuzuia pesa ya asali au ya alizeti uliyoituma kwa mkono wako na kwa namba yako ya siri.

Kwa hiyo kinga ya mwisho ni wewe mwenyewe:

- Usimpe mtu namba ya siri, hata akisema anatoka kwenye kampuni ya simu. Namba ya huduma kwa wateja ya kampuni za simu nchini ni 100.
- Ukitumiwa ujumbe wa kuomba pesa, mpigie mhusika kwa namba yake unayoijua kabla ya kutuma chochote.
- Ripoti namba ya tapeli kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, namba iliyotengwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA.
- Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma ifungwe.
- Pakua programu kwenye duka rasmi la programu la simu yako, si kwenye linki uliyotumiwa na usiyemjua.

Kanuni za ruta hupangwa mara moja na kuangaliwa mara chache. Linki na jumbe huja kila siku, na kila mara uamuzi wa kuanzisha mazungumzo unabaki kwenye kidole chako.